Hatua Tano Siku ya Alhamisi

Langeland, 4 Februari 2018

Kwako Bi Bodil,

Jina langu hulijui, lakini uso wangu umeutazama zaidi ya vile mke wangu angependa. Mimi ndiye yule mzee wa kitanda cha dirishani, mkabala na chako, kwenye wodi ya wagonjwa mahututi Novemba iliyopita. Jina lako nililisoma kwenye ubao juu ya kichwa chako: Bodil, basi, ukoo haukuandikwa. Barua hii nimempa Solvej, yule dada wa mazoezi ya viungo. Ameniambia anwani yako hawezi kunipa hata nikimpigia magoti, ila kukufikishia barua anaweza.

Naitwa Thorkild Brandt. Nina miaka sitini na saba, na kazi yangu ni kuezeka nyumba kwa matete. Mwishoni mwa Oktoba niliteleza juu ya paa la ghala, nikavunja mbavu sita, kisha nimonia ikaingia mapafu yote mawili. Wakanitia mpira kooni na kunifunga kwenye mashine ya kupumulia. Mengine unayajua, maana na wewe ulikuwa umefungwa hivyo hivyo. Siku kumi na moja tumelala tukitazamana, wote macho, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake hata habari za asubuhi.

Nakuandikia kushukuru. Unaikumbuka siku Solvej alipokuja kwangu mara ya kwanza? "Thorkild, leo tunakaa ukingoni mwa kitanda." Mimi nikaandika kwenye kibao: UMERUKWA NA AKILI. Akasoma, akasema, "Inawezekana. Haya, mguu wa kulia kwanza." Wakaniinua watu watatu, mmoja ameushika mpira wangu kama anashika yai. Kichwa kinazunguka, miguu inatetemeka, natamani kufa. Nikainua macho nikakuona wewe kule ng'ambo, mabega yanatikisika. Unacheka! Ulicheka mpaka mashine yako ikaanza kulia na nesi akaja mbio.

Nilikasirika sana. Nikasema moyoni, huyu mama kesho ataniona nimesimama. Na kesho yake nilisimama.

Kuna jambo jingine, la ile Alhamisi, ambalo limenikaa kifuani tangu siku ile. Lakini kwanza niambie: u mzima? Unatembea?

Wako,
Thorkild


Svendborg, 15 Februari 2018

Mzee Thorkild,

Kumbe una jina! Kwangu ulikuwa Mkaguzi.

Ngoja nikueleze. Mimi ni Bodil Ravnkilde, miaka hamsini na minane, dereva wa basi hapa Svendborg mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mafua yaliniangusha, nikayapuuza, sumu ikaingia kwenye damu, nikazindukia pale mlipokuwa. Sasa akili yangu siku zile haikuwa timamu. Niliamini kabisa kile chumba ni basi langu, na wewe umekaa siti ya mbele, umenikazia macho, umetumwa na kampuni kunichunguza. Nilimwandikia nesi: MTEREMSHENI YULE MZEE. Ananionyesha karatasi hiyo binti yangu Tinne mpaka leo, anacheka hadi anakaa chini.

Na nilivyocheka siku ile, nisamehe. Sikucheka kutetemeka kwako. Nguo ya hospitali inafungwa mgongoni, na yako haikufungwa, na nyuma yako kulikuwa na kioo cha dirisha. Nimemaliza.

Mimi ni mzima kabisa. Kila asubuhi natembea hadi kwa mwoka mikate pale kona, wiki iliyopita nimebeba maandazi ya krimu ya sikukuu ya fastelavn kwa jengo zima. Mei narudi barabarani.

Alhamisi gani unayosema? Siku nyingi za kule zimefutika kichwani mwangu. Niambie tu. Ila asante kwa barua. Sikutegemea kwamba kuna mtu mwingine duniani anayejua kile chumba kilivyokuwa.

Bodil


Langeland, 27 Februari 2018

Kwako Bodil,

Barua yako nilimsomea Lisbeth mezani, nikafika penye kioo cha dirisha. Miaka arobaini na moja ya ndoa, sijawahi kumwona akicheka vile. Sasa kila nikivaa koti ananiambia, "Nyuma kumefungwa?"

Sasa la Alhamisi. Nimeanza barua hii mara tatu.

Ilikuwa tarehe ishirini na tatu Novemba. Mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimetembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, Solvej mbele, nesi nyuma anasukuma mashine. Hatua tano kwenda. Niliporudi kukaa nikaandika kwenye kibao kwa herufi kubwa: MIMI TANO. WEWE? Nikakuinulia.

Wakaja kwako. Wakakuinua. Ukapiga hatua moja, mbili, tatu. Solvej akaleta kiti, akasema, "Inatosha, Bodil, kaa." Wewe ukatikisa kichwa na kunitazama. Na mimi, badala ya kuangalia pembeni, nikanyoosha mkono na kukuonyesha vidole vitano.

Ukapiga ya nne. Ukapiga ya tano. Halafu nikaona midomo yako ikigeuka rangi ya bluu. Mashine ikapiga kelele, mtu akabonyeza kengele ukutani, wakaja wengi, wakavuta pazia. Nilisikia mtu akisema, "Hewa haiingii, hewa haiingii." Mimi nimekaa na kibao changu mapajani.

Pazia lilipofunguliwa jioni walikuwa wamekulaza usingizi wa dawa. Hukufungua macho tena siku zote nilizokuwa pale. Tarehe mosi Desemba wakanihamisha wodi ya kawaida, nikapitishwa mbele ya kitanda chako, na bado umelala. Nilimwuliza kila mtu. Wakasema hawaruhusiwi kuzungumza habari za mgonjwa mwingine.

Zaidi ya miezi miwili sikujua kama u hai. Solvej aliponiambia, "Barua yako ataipata," ndipo nilipojua, na nikakaa kwenye kiti cha korido nikalia kama mtoto. Sasa najua u mzima na unatembea. Lakini ilinibidi nikwambie. Usingenitazama mimi ungekaa kwenye kile kiti.

Naomba radhi.

Thorkild


Langeland, 6 Aprili 2018

Bodil,

Wiki ya sita hii bila jibu. Lisbeth anasema nimekutisha. Mwanangu Asger anasema labda una kazi nyingi, unajiandaa kurudi barabarani. Mimi nasema umekasirika, na una haki.

Jumamosi tarehe ishirini na moja tutakuwa Svendborg, nina miadi ya kupimwa mapafu siku moja kabla na tutalala kwa dada yake Lisbeth. Nimefikiri nipite pale kwenye gereji ya mabasi, nikusalimie mbele ya wenzako, uniseme kwa sauti badala ya kuandika. Sauti yako sijawahi kuisikia. Hata ikiwa ya matusi nitashukuru.

Thorkild


Svendborg, 10 Aprili 2018

Thorkild,

Usiende gereji. Hawatajua unamzungumzia nani ukisema anatembea.

Nilikudanganya. Sijafika kwa mwoka mikate hata mara moja. Yale maandazi aliyaleta Tinne, nikala mawili peke yangu kwenye kochi, na kwenye kochi hilo ndipo nilipo ninapokuandikia. Unyayo wangu wa kulia hauinuki. Nikiutuma uende, unaning'inia na kuburuta vidole sakafuni. Januari nilianguka jikoni, nikalala chini saa nzima mpaka Tinne alipokuja. Tangu siku hiyo sitoki. Manispaa wananitumia mtu wa mazoezi kila Jumanne, anaitwa Ragnhild. Anapiga kengele, mimi nanyamaza. Anapiga tena. Kisha nasikia viatu vyake vikishuka ngazi, na nafurahi, halafu naona aibu siku nzima.

Barua yako ilipofika nilikasirika, ndiyo. Nitakuwa mkweli: nilifurahi kukasirika. Tangu nitoke kule nilikuwa namtafuta mtu wa kumlaumu kwa huu mguu, na mtu mwenyewe akajileta kwa posta, tena na vidole vyake vitano. Wiki tatu nilikulaumu asubuhi na jioni. Ilinipa nguvu kweli. Hata kahawa ilikuwa tamu zaidi.

Halafu nikataka kuona imeandikwa. Unakumbuka manesi walikuwa wanatuandikia daftari, kila siku wanaandika kidogo, ili tukipona tujue yaliyotupata? Langu nilikuwa nimelitia kwenye droo ya soksi, sijalifungua. Niliogopa. Nikalifungua nitafute Alhamisi yako, nipate ushahidi.

Nakunakilia alivyoandika Solvej kwa mkono wake:

"Bodil mpendwa, leo ilikuwa siku ngumu. Kabla hatujakuinua ulituonyesha vidole vitano, ukagonga ukingo wa kitanda kwa msisitizo. Tukakubaliana tano kama namba za mashine zitakuwa nzuri. Kwenye ya tatu nilikupa kiti, kwa sababu nilikuona umechoka, lakini namba zilikuwa nzuri na wewe ukakataa. Baada ya ya tano kohozi zito liliziba mpira wako. Tulikuwa wanne, mikono yetu ilikuwa tayari juu yako. Tulikulaza, tukauvuta uchafu, hewa ikapita. Daktari anasema lingeweza kuziba wakati wowote, hata ukiwa umelala. Ulituogopesha. Ulikuwa hodari."

Umesoma? Niliwaonyesha vidole kabla ya wewe kunionyesha. Nilikuwa nimeshaamua. Kibao chako nilikiona, ndiyo, sasa nakumbuka kidogo, lakini mimi sikuwa naenda tano kwa sababu yako. Nilikuwa naenda tano ili nikushinde kesho yake kwa sita.

Kinachofuata kwenye daftari ni kwamba usiku ule homa ilipanda, nimonia mpya, wakanilaza kwa dawa siku kumi. Tinne aliuliza kuhusu mguu, na daktari akamwambia ni zile siku kumi za kulala bila kujongea, misuli na mishipa ya fahamu ilinyauka. Kulala ndiko kulikouchukua mguu. Zile hatua tano hazina kosa.

Na mimi nikasoma hayo nikiwa kwenye kochi. Nikajitazama. Nikafunga daftari.

Basi, nisamehe kwa zile wiki tatu. Na usije. Nyumba haitazamiki na mimi sitazamiki.

Bodil


Langeland, 13 Aprili 2018

Jirani,

Tangu leo nakuita hivyo. Mtu uliyelala mbele yake siku kumi na moja umeshamwona vibaya kuliko nyumba yoyote chafu.

Nimeisoma barua yako ndani ya gari, nje ya posta, kwa sababu sikuweza kungoja nifike nyumbani. Kisha nikaisoma tena. Sijui kuandika vizuri mambo haya. Nilikuwa nimebeba jiwe, umelitua. Asante. Asante kwa kulifungua lile daftari wakati uliogopa.

Sasa nisikilize. Unadhani mimi nimepona? Nilipotoka sikuweza kufungua mfuniko wa chupa ya maziwa. Mikono hii imekaza waya juu ya mapaa zaidi ya mia, na maziwa yakanishinda. Nilimfukuza kila mtu jikoni. Lisbeth akarudi, akaniwekea mbele yangu chupa kumi tupu, mifuniko imekazwa, akasema, "Ukimaliza nitakupa chakula." Nilikula saa kumi jioni. Siku nyingine saa tisa.

Jumanne Ragnhild akipiga kengele, fungua. Huna haja ya kuzungumza naye vizuri. Mfungulie tu.

Na Jumamosi tarehe ishirini na moja tunakuja, mimi na Lisbeth, saa saba mchana, na mkate mweusi, samaki wa moshi na chupa ndogo. Usipofungua tutatandika kitambaa kwenye ngazi tule hapo hapo, na majirani zako wote watajua. Lisbeth anaimba akinywa. Nimekuonya.

Thorkild


Svendborg, 25 Aprili 2018

Jirani,

Asante kwa Jumamosi, na mwambie Lisbeth asante kwa vyombo alivyoosha bila kuniuliza.

Nikwambie nilivyoona mimi. Nimesimama nyuma ya mlango, nimeshika ukuta, nasikia mtu kule nje anasema, "Bodil, ni sisi." Nikafikiri wamekuja na mjukuu. Mwanamume mrefu vile, mabega yale, na sauti nyembamba kama filimbi! Miezi yote hii nilikuwa nakusikia kichwani ukinguruma. Nilipofungua tukabaki tunatazamana kama tulivyozoea, mpaka Lisbeth akasema, "Jamani, hii mipira ya kooni si ilitolewa?"

Sijacheka hivyo tangu kile kioo cha dirisha.

Ulisema sauti yangu ni ya mtu anayetangaza vituo. Ndiyo kazi yangu, bwana.

Na asante kwa ngazi. Sikuwaambia pale pale, lakini niliogopa zile ngazi kuliko nilivyoogopa mashine. Wewe mbele unarudi kinyumenyume, Lisbeth nyuma ameshika mkanda wangu wa suruali, ghorofa tatu, na yule bibi wa ghorofa ya pili anayejifanya hana mbwa, ametoka na mbwa wake kututazama. Tulipofika chini nikasikia baridi usoni. Nilikuwa nimesahau kwamba Aprili ina harufu.

Ragnhild alikuja jana. Nilifungua. Akasema, "Ah! Kumbe kuna mtu." Sikumjibu vizuri. Amenipima kifaa cha plastiki kinachoingia ndani ya kiatu na kuushikilia unyayo usianguke. Kinaumiza. Anafundisha kwanza jinsi ya kuanguka na kuinuka, anasema kutembea kutafuata. Nimeanguka kwa makusudi mara nane juu ya zulia langu mwenyewe, katika umri huu.

Kuhusu Mei na basi, sitakudanganya tena. Daktari wa leseni ataniona vuli. Sijui.

Bodil


Langeland, 30 Agosti 2018

Jirani,

Barua fupi, mikono imechoka, na safari hii kwa sababu nzuri. Nimerudi kazini. Asger haniruhusu kupanda juu ya safu ya tatu, nami simruhusu kuniambia nimekaza vibaya. Yeye anakwenda juu kwenye kilele, mimi nafunga matete ya chini nikiwa nimesimama kwenye kiunzi kifupi ambacho hata kuku angeweza kukipanda. Tunagombana kutwa. Juzi nilikaa kwenye nyasi kula, nikaangalia safu zangu tatu, zimelala sawa, na nikashikwa na shukrani mpaka mkate ukanikwama. Asger akapiga kelele kutoka juu, "Baba, unapumua?" Nikamwambia napumua, na ndiyo maana.

Nilimpelekea Solvej kapu la mayai. Akaniuliza habari zako. Nikamwambia akuulize mwenyewe.

Siku ya leseni ikifika, tuandikie siku hiyo hiyo, iwe nzuri iwe mbaya.

Thorkild


Svendborg, 17 Novemba 2018

Jirani yangu Thorkild, na Lisbeth pia,

Mlisema niandike siku hiyo hiyo. Sikuweza. Naandika siku ya kumi na tano, mniwie radhi.

Leseni ya basi hawakunirudishia. Daktari alikuwa mtu mwema, alinipa muda mrefu, akanikanyagisha breki ya majaribio mara ishirini. Unyayo unakwenda, lakini unachelewa. Akasema, "Kwa gari lako dogo lenye pedali upande wa kushoto, sawa. Kwa abiria hamsini, hapana." Nilijua kabla hajasema, maana mimi mwenyewe nisingempandisha Tinne kwenye basi la dereva mwenye mguu kama huu. Nilimpa mkono. Nilitembea hadi nyumbani, nikalala kitandani siku tatu, na siku ya nne ilikuwa Jumanne, Ragnhild akapiga kengele, nikainuka kufungua.

Wiki ile ile mkuu wa gereji alinipigia simu. Ana madereva wapya sita na hakuna mtu wa kukaa nao wiki za kwanza. Akasema, "Bodil, huhitaji mguu kwa kazi hii, unahitaji mdomo." Nikamwambia huo haukuchukuliwa, waliuziba tu kwa muda.

Basi jana ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Mwanafunzi wangu ni mwanamke wa miaka arobaini, Jytte, alikuwa akifanya kazi kiwandani, anashika usukani kama utamkimbia. Nimekaa siti ile ya mbele, nyuma ya mabega yake. Nilimwelekeza tangu stesheni, tukapita bandarini, tukapanda kile kilima. Abiria wa asubuhi walijaa, wengine wazee wangu wa miaka mingi. Mmoja akasema, "Karibu nyumbani, Bodil," kisha akaendelea kusoma gazeti, kama ilivyo kawaida ya watu wetu, na nilishukuru kwa vyote viwili.

Kituo cha juu kilimani nilitaka kushuka wa kwanza, nimwonyeshe Jytte jinsi ya kukagua milango. Kiatu kikashika ukingo. Nikaenda chini, magoti na viganja, kwenye lami iliyolowa, mbele ya basi zima. Jytte akaruka kutoka kitini. Wanaume wawili wakanyoosha mikono. Nikasikia sauti yangu ya vituo ikisema, "Ngojeni. Naomba msiniguse."

Wakangoja. Nikageuka ubavu, nikapiga goti la kushoto, nikaweka kiganja kwenye ngazi ya basi, nikavuta pumzi, pumzi yangu mwenyewe, Thorkild, bila mtu kunihesabia, nikasukuma. Mara ya kwanza sikuweza. Nikatulia. Mara ya pili nikaweza. Nikasimama pale, soksi imechanika, mvua inaninyeshea, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kumweleza mtu yeyote isipokuwa wewe.

Tuliondoka kituoni tumechelewa dakika nne. Miaka ishirini na mbili sijawahi kuchelewesha basi pale, na najua vizuri jinsi abiria wa Svendborg wanavyotazama saa zao. Nilitazama nyuma. Hakuna aliyetazama saa.

Wenu,
Bodil